Vitoa Machozi Hatuviogopi, Meneja Tunamwogopa

Sisi watu wa Nairobi ni wa ajabu. Juni 2024 tulijaa Kenyatta Avenue na Moi Avenue kupinga Mswada wa Fedha. Vitoa machozi vilipasuka miguuni petu, maji ya kuwasha yakatulowesha, tukapenya vichochoro na kurudi barabarani tena. Tarehe 25 wapo walioingia hadi ndani ya Bunge, na wapo ambao hawajarudi makwao hadi leo. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Nchi nzima ikaona kwamba mwananchi wa kawaida akikataa, amekataa. Kisha tukarudi kazini. Meneja akamfokea mwenzetu mbele ya wateja, akamwita mjinga, akamuuliza kama kwao walimtuma mjini kuja kula bure. Sisi sote tukainamisha vichwa, huyu akipanga karatasi zilizokwisha kupangwa, yule akifuta kaunta iliyokuwa inang'aa tangu asubuhi.

Ulimi tunaupata jioni. Matatu ya Kawangware ikikwama kwenye foleni, au ile ya Kangemi ikijikokota Waiyaki Way huku magari ya wenye nazo yakipita juu kwa juu kwenye barabara ya kulipia, hapo ndipo utawasikia mawakili. "Huyo mama hana utu kabisa." "Angenijaribu mimi, angenijua." "Mimi siku yangu ikifika, nitamwambia ukweli wake." Kila kiti kina shujaa. Ukishuka kituoni, ushujaa unauacha kwenye kiti, na anayekaa hapo baada yako anaendelea nao hadi mwisho wa safari. Usiku tunahamia kwenye kundi la WhatsApp, lile ambalo bosi hayumo. Huko tunacheka, tunalaani, tunatuma vikaragosi vya hasira, mpaka kibaraka mmoja apige picha ya mazungumzo na kuipeleka juu. Asubuhi kundi limekufa ganzi. Kila mtu anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni, na meneja anatembea kati ya meza akipiga mluzi.

Tunachukizwa hasa na hili la kuambiwa kwamba kazini sisi ni familia. Siku ya kwanza unapokelewa kwa neno hilo. Ukiulizia malipo ya saa za ziada, unaambiwa familia haihesabiani. Ukiuliza kama kuna chama cha wafanyakazi, unatazamwa kama aliyeingia na viatu msikitini: "Chama cha nini tena, si sisi ni familia?" Lakini siku mauzo yanaposhuka, ni baba gani huyo anayewaandikia watoto barua ya kuwafukuza nyumbani? Wahenga walitwambia mapema kwamba mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Bosi hakutuzaa. Ni mwajiri, sisi ni waajiriwa, na baina yetu kuna mkataba na sheria. Uhusiano huo ni halali na wa heshima ukitunzwa. Hauhitaji kuvishwa kanzu ya undugu.

Tuwape kisa kimoja tu, maana vya namna hii viko vingi hata havihesabiki. Dada mmoja alikuwa akihudumu katika hoteli moja ya katikati ya jiji. Wateja watatu walikuja siku ya mechi, wakala nyama, wakanywa, wakatoka kama wanaokwenda kupokea simu, hawakurudi. Bili ikaandikwa kwa jina lake na kukatwa kwenye mshahara wake. Alipouliza ni kwa nini alipe chakula asichokila, akapewa barua ya kutakiwa kujieleza. Barua hizi zina saa yake, nayo ni Ijumaa saa kumi jioni, ili mtu alale nayo Jumamosi na Jumapili nzima. Jumatatu saa tatu akaitwa kikao. Hoteli haina chumba cha mikutano, kwa hiyo kikao kikafanyika stoo, kati ya magunia ya viazi na friji inayonguruma, kwenye meza ya plastiki yenye madoa ya supu. Upande wa pili walikaa meneja, mhasibu na kijana wa kuandika kumbukumbu. Upande wake palikuwa na kiti kimoja, na alikikalia mwenyewe.

Wikendi ile alikuwa amewaomba wenzake watatu wamsindikize. Wa kwanza, mpishi, alisema mkataba wake ni wa miezi mitatu mitatu na unaisha mwisho wa mwezi. Wa pili, keshia, alisema kazi alitafutiwa na shemeji wa meneja, sasa ataanzaje kuipinga familia iliyomfunika aibu? Wa tatu alimshika mkono, akamwangalia kwa huruma, akamwambia, "Dada, nitakuombea." Kikao kilikwisha kabla chai haijapoa. Alipokabidhiwa barua ya kuachishwa kazi, alisoma tarehe iliyoko juu, pembeni. Ilikuwa ya siku ya Ijumaa. Walikuwa wamemhukumu kwanza, kisha wakamwita kumsikiliza.

Wale watatu si watu wabaya. Tunawajua, ndio sisi. Polisi akikurushia kitoa machozi hajui kodi ya nyumba unalipa tarehe ngapi. Meneja anajua. Anajua mwanao yuko darasa gani na kwamba karo haijakwisha. Anajua mwenye nyumba wa Kangemi akikosa kodi yake kufikia tarehe kumi anatia kufuli la pili mlangoni na kwenda zake. Hati yako ya mshahara anaiona kabla yako: kodi ya mapato, NSSF, asilimia 2.75 ya bima ya afya, asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu ambazo hatujui tutazilalia lini, mkopo wa sacco, na kinachobaki kinamezwa na mkopo wa simu wa Fuliza kabla hakijafika mfukoni. Kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida, mfagiaji au mtumishi wa nyumbani jijini Nairobi, kilipopandishwa kwa asilimia 6 mwaka 2024, kilifika shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila marupurupu ya nyumba. Mtu anayeishi kwa kiasi hicho, na wapo wengi wasiokipata, hana akiba ya kumlisha hata wiki mbili za ushujaa. Barabarani tulikuwa maelfu, hakuna aliyetujua kwa majina. Kazini kila mmoja ana namba yake, na namba hufutika kwa kalamu moja.

Haya tunayafahamu, na ndiyo maana hatumcheki anayeogopa. Manung'uniko yetu ni kwamba tumeizoea hofu hii hadi tukasahau kwamba jiji hili limejengwa na watu waliomsimamia mwenzao.

Nenda pale karibu na kituo cha polisi cha Central, upande wa Chuo Kikuu cha Nairobi na hoteli ya Norfolk, kwenye barabara inayoitwa Harry Thuku. Thuku alikuwa mfanyakazi wa simu katika hazina ya serikali ya kikoloni. Mwaka 1921 walowezi walipokubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja, na kitambulisho cha kipande kikiwaning'inia watu shingoni, yeye na wenzake walianzisha chama cha kulalamika. Tarehe 14 Machi 1922 akakamatwa. Watu wa mjini, wakiwemo waliokuwa wakiwapikia na kuwafulia Wazungu, waliacha kazi zao wakaenda kukaa nje ya kituo cha polisi kumdai mtu wao. Tarehe 16 wanaume walipoanza kulegea na kutaka kurudi nyumbani, Mary Muthoni Nyanjiru aliwakejeli akiwaambia wampe suruali zao na wao wachukue nguo yake. Umati ukasonga mbele. Polisi wakafyatua risasi, na Wazungu waliokuwa kwenye baraza ya Norfolk wakafyatua pia. Serikali ilihesabu maiti 21, na wengi wanaamini walikuwa zaidi. Nyanjiru alikuwa mmoja wa waliouawa. Thuku alipelekwa Kismayu.

Miaka 28 baadaye jiji lilirudia. Tarehe 15 Mei 1950 Makhan Singh na Fred Kubai, viongozi wa muungano wa vyama vya wafanyakazi, walikamatwa. Kesho yake wafanyakazi wa Nairobi waligoma, na mgomo ukaendelea kwa zaidi ya wiki moja chini ya vitoa machozi na magari ya kivita. Walitaka nyongeza ya mshahara, ndiyo, lakini dai la mbele lilikuwa viongozi wao waachiliwe. Makhan Singh alikaa kizuizini hadi mwaka 1961. Hakuna aliyewaahidi wagomaji hao kwamba watashinda. Wengi wao walikuwa wanalala wanne wanne chumba kimoja, hawakuwa na sheria kama hizi za leo za kuwakinga, wala katiba inayowataja.

Wala si mambo ya kale tu. Februari 2017, madaktari wa hospitali za umma wakiwa kwenye mgomo, viongozi saba wa chama chao walitupwa jela kwa kudharau amri ya mahakama. Madaktari wa hospitali za kibinafsi, ambao mgomo haukuwa wao na mishahara yao ilikuwa inaingia kama kawaida, nao wakaweka chini vyombo vyao kwa saa 48. Siku mbili baada ya kufungwa, Mahakama ya Rufaa ikawaachilia wale saba. Hapa sisi wagonjwa tuliumia, tusidanganyane, na mgomo ule uliofika siku 100 uliacha makaburi. Lakini daktari wa kibinafsi alituonyesha jambo ambalo karani wa Westlands bado hajalijaribu: kumsimamia mwenzako hata kama moto haujafika kwenye paa lako.

Kisha wakaja vijana wa kompyuta. Mwaka 2019 Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini aliyekuja Nairobi kufanya kazi ya kuchuja picha na video chafu za Facebook katika kampuni ya Sama, aliwakusanya wenzake kudai malipo bora na msaada wa afya ya akili. Kazi yao ilikuwa kutazama watu wakichinjwa na watoto wakidhulumiwa ili mimi na wewe tusiyaone, na jarida la Time liliripoti kwamba wapo waliolipwa kama dola moja na nusu kwa saa. Motaung alifutwa. Mei 2022 akaenda mahakamani Nairobi kuishtaki kampuni hiyo pamoja na Meta yenyewe. Mwaka uliofuata wachujaji wengine zaidi ya mia moja na themanini nao wakafungua kesi yao, na tarehe 1 Mei 2023, katika hoteli moja ya Westlands, zaidi ya wafanyakazi 150 walipiga kura kuunda chama chao. Meta iliteta kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema zinayo.

Ukivipanga visa hivi pamoja utaona kwamba wa kwanza kusimama karibu kila mara huumia. Thuku alihamishwa, Makhan Singh akafungwa, Motaung akamwaga unga. Meneja wako anategemea ukumbuke hilo tu. Hataki ukumbuke kwamba Motaung alipobaki mmoja alikuwa mfanyakazi aliyefutwa, na walipofika mia na themanini wakawa kesi iliyoivuta kampuni kubwa ya Marekani hadi mahakama ya Milimani. Kazini anayesimama peke yake huitwa mchochezi, mwenye mdomo, mtu asiyejua kufanya kazi na wengine. Wakisimama watano, mambo yaleyale huitwa malalamiko ya wafanyakazi, na kikao kinaitishwa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Na sheria, ambayo tunaisema vibaya kila siku, katika hili imetutangulia. Katiba ya 2010, Ibara ya 41, inampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki, mazingira bora ya kazi, chama na mgomo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inakwenda mbali zaidi na kuingia hadi ndani ya ile stoo yenye magunia ya viazi. Inasema mwajiri anayetaka kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji mbaya au udhaifu wa mwili ni lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mfanyakazi huyo ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama, aliyemchagua mwenyewe. Mwajiri ni lazima amsikilize mshtakiwa na amsikilize pia yule aliyekuja naye. Hata ukishtakiwa kwa kosa la kufukuzwa papo hapo, haki hiyo haikuondoki.

Soma tena. Kiti cha mwenzako kimewekwa na Bunge. Meneja hakupi kwa hisani yake. Ukikikalia hujaasi, hujagoma, hujatukana mtu. Umefanya jambo ambalo sheria ilitarajia ulifanye. Kifungu cha 46 kinaongeza kwamba kumshtaki mwajiri si sababu halali ya kumfuta mtu, isipokuwa malalamiko yenyewe yawe ya kipuuzi na yasiyo na msingi. Mwajiri akipelekwa mahakamani, ni juu yake kuthibitisha sababu ya kumfuta mtu, na akishindwa jaji anaweza kumwamuru alipe hadi mshahara wa miezi 12. Makato nayo yana mipaka: kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara, na mtu hatozwi tu pesa zilizopotea ati kwa sababu zamu ilikuwa yake. Dada wa hoteli alikuwa na haya yote mkononi. Alichokosa ni mtu wa kumkumbusha kwa sauti mbele ya meneja.

Hapo sasa tunawageukia wale tunaowalipa watusemee. Chama cha wafanyakazi, kwa wale walio nacho, ada yake hukatwa kila mwezi bila kukosa, hata mwezi ambao mshahara wenyewe umechelewa. Mei Mosi tunaletewa kofia na fulana, tunapigiwa bendi, viongozi wanahutubia kwa hasira kubwa wakiwa wamekaa safu moja na serikali, nyongeza inatangazwa, tunapiga makofi. Mei Pili dada yuko stoo peke yake na hajui hata jina la mwakilishi wake. Ukienda ofisi ya leba, unamkuta afisa mmoja na foleni inayozunguka ukuta. Ukifika Milimani, kesi inaahirishwa mpaka nguo ulizovaa siku ya kwanza zinapauka. Haki ya mahakama ya kazi ni haki kweli, lakini mwenye nyumba hapokei nakala ya mashtaka badala ya kodi. Ndiyo maana tunasema ngao ya kwanza ya mfanyakazi ni yule aliye meza ya pili, kabla ya wakili na kabla ya jaji.

Wapo wasio na hata meza ya pili. Soja wa lango kule Lavington hukesha saa kumi na mbili, na mwenzake pekee ni yule anayekuja kumpokea asubuhi macho yakiwa mazito. Mamlaka ya kudhibiti sekta yao ilipotaka mlinzi wa Nairobi asilipwe chini ya shilingi 30,000 kwa mwezi, waajiri walikimbilia mahakamani. Yaya wa Kileleshwa yuko peke yake nyumbani na bosi wake, akifokewa shahidi ni mtoto wa miaka miwili. Mama fua hukaa kando ya njia tangu alfajiri akingoja atakayemwita, hana mkataba, hana barua, hana kifungu anachokijua. Na bado hawa mama fua wanatushinda sisi wa tai. Ukikaa karibu nao utawasikia wakiambiana: lile geti jeusi usiende, yule mama anakufulisha mablanketi manne kwa bei ya shuka na anasema atatuma pesa jioni. Asubuhi ijayo geti jeusi linafunguliwa, mwenyewe anaita, na hakuna anayeinuka. Hawajasoma Sheria ya Ajira, lakini wamempa kikao chake.

Wengine watauliza: je, kama kweli mwenzako ana makosa? Je, kama aliiba? Basi aambiwe aliiba nini, lini, na ushahidi uko wapi, huku mtu wake akiwa amekaa kando yake anaandika. Hatukuombi useme uongo kwa ajili ya rafiki. Mwizi naye ana haki ya kusikilizwa, na asiye mwizi anahitaji haki hiyo mara mbili. Meneja mwenye hoja nzuri hana sababu ya kumwogopa shahidi. Ukimwona anakasirika kwa sababu mmekuja wawili, hapo ujue alivyotaka kuyaendesha mambo.

Lililobaki kwetu kulishangaa ni hili la pesa. Sisi ndio watu wa kuchangiana. Mwenzetu akifiwa, kundi linafunguliwa kabla maiti haijafika mochari, na jina la kila aliyetuma linaandikwa kwa namba. Akilazwa tunachanga, akioa tunachanga, akifutwa kazi nako tunachanga, tunamnunulia shopping ya mwezi mmoja na kumwambia Mungu atafungua mlango mwingine. Mkopo wa sacco ndio kabisa. Pale kazini tumedhaminiana kama waliozaliwa pamoja, mimi nimetia sahihi fomu yako, wewe umetia yake, yeye ametia yangu. Fomu ile tunaitia sahihi tukiwa tumesimama, bila hata kusoma. Sasa fikiri. Ijumaa tunamwacha mdaiwa wetu aitwe kikao peke yake. Jumatatu amefutwa. Baada ya miezi michache hana cha kulipa, na sacco inaanza kuwakata wadhamini, yaani sisi wenyewe tuliokuwa tunafuta kaunta inayong'aa. Tulikubali kubeba deni lake la miaka mitatu lakini tukashindwa kumpa nusu saa.

Kwa hiyo tunaambiana, sisi kwa sisi, maana huyo meneja hatasoma hapa. Barua ya Ijumaa ikitoka, isibaki siri ya aliyeipokea. Aisome kwa wenzake, waandike tarehe, waandike nani alisema nini na mbele ya nani. Wakubaliane ni nani atakayeingia naye na ni nani watakaongoja nje ya mlango, ijulikane kwamba wapo. Anayeogopa kwa sababu mkataba wake unaisha asilazimishwe, aandike tu alichokiona na kukitia sahihi, hiyo nayo ni kazi. Mwenye chama ampigie mwakilishi wake usiku uleule, na asipopokea, aulizwe hadharani ada inakwenda wapi. Asiye na chama aanze kuuliza kwa nini hakuna, akikumbuka kwamba chama kikipata nusu na mmoja ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga, mwajiri hana budi kukitambua. Na aliyefutwa asikae nyumbani akijilaumu mpaka muda ukampita, kwani sheria imempa miaka mitatu tu ya kufungua kesi.

Tumekwisha kuonyesha kwamba hatuna woga wa asili. Mtu aliyemkabili askari mwenye rungu mbele ya Bunge hawezi kusema amezaliwa mnyonge. Tumebaki na jambo dogo kuliko lile, na la karibu zaidi. Mahali fulani kati ya Moi Avenue na Uthiru kuna mtu aliyepokea barua Ijumaa, ameitwa Jumatatu saa tatu, na amekuandikia ujumbe akiuliza kama utakuwa zamu. Mjibu kwamba unaingia naye.